Kura Nane za Mama Hadong

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa yetu. Ndugu Pyo Geum-rye, Mwenyekiti wetu wa kijiji cha Solgol unayemaliza muda wako leo. Mzee Maeng, Mwenyekiti mstaafu, pamoja na wazee wenzako mliowahi mapema kukalia pale ambapo sakafu, inayopashwa moto kwa chini, ina joto zaidi, kama ilivyo kawaida yenu. Mwalimu Bok Ju-ran wa maktaba ya wilaya. Ndugu wageni waalikwa kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto. Na ninyi kina mama mlioko jikoni, ambao katika hotuba za kijiji hiki mmetajwa mwisho tangu enzi na enzi: zimeni jiko, funikeni hiyo supu, njooni mketi. Nasubiri. Sianzi mpaka mketi.

Ahsanteni. Habari za mchana.

Karani amenipa dakika kumi. Karani, mwanangu, nakupenda, lakini dakika zako kumi zimekwisha hapo kina mama walipokuwa wakivua kandambili mlangoni. Nina miaka sabini na mitano, umri ambao hapa Solgol ndio kwanza ujana unachanganya, na sijawahi kusimama mbele ya watu wengi hivi isipokuwa siku ya harusi yangu, na siku hiyo nilikatazwa kusema. Nivumilieni.

Nimekuja na kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga Mwenyekiti, nayo naifanya kwa moyo mweupe. Ya pili ni swali lenu. Kwa majuma matatu mmekuwa mkinijia uani mmoja mmoja, huyu na kabichi, yule na chupa ya mafuta ya ufuta, mkiniuliza kama nitagombea kiti anachokiacha. Orodha ya wagombea inafungwa leo, mkutano huu ukiisha. Na kanuni mnaijua, maana tuliipitisha wenyewe: anayetaka kugombea husimama mbele ya mkutano akalitamka jina lake, lile alilopewa alipozaliwa, kwa sauti inayofika mlangoni. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi ndilo lililonifanya nishindwe kula asubuhi ya leo. Basi swali lenu nitalijibu mwishoni, kama nitakuwa sijatoroka.

Kanuni hiyo ilitoka wapi? Wageni hamjui, na sisi tunaojua hatupendi kukumbushwa. Hapa kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa mahali alikotoka. Mimi nilitoka kisiwani Namhae, nikawa Mama Namhae. Geum-rye alitoka Hadong, akawa Mama Hadong. Mke wa Mzee Maeng, Mungu amrehemu, alikuwa Mama Jinju. Hakuna aliyetulazimisha. Lilikuwa jina la heshima, na la mapenzi pia, na tuliitana hivyo tukipanda mpunga, tukilia misibani, tukigombana juu ya chumvi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha.

Sasa fumbeni macho kidogo. Na wewe Mzee Maeng, fumba, ila usilale. Turudi nyuma miaka tisa. Hapa niliposimama pana ukuta. Upande ule ni chumba cha wanaume: kuna televisheni, kuna viti, kuna kipaza sauti cha kutangazia kijiji. Upande huu ni chumba chetu: kuna sufuria la wali la watu hamsini, na beseni. Mkutano mkuu wa mwaka unafanyika kule, na sisi tunausikia kupitia ukutani, nusu nusu, maji yakimwagika katikati ya maneno. Kura ni moja kwa kila nyumba, kwa hiyo anapiga mume. Mwanamke anayepiga ni mjane, au yule ambaye mumewe amelazwa.

Mwaka ule basi la kijiji lilikuwa limeacha kupanda mpaka huku juu. Liliishia darajani, na sisi tukawa tunateremka na mizigo ya matunda ya persimoni kichwani, kilomita mbili, barafu njia nzima. Geum-rye, mjane wa mwaka mmoja tu, akaingia chumba cha wanaume bila kuitwa, akasema, "Nami nagombea." Wakacheka, lakini karani wa wakati ule akaliandika jina lake kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Ukutani kwa wapi? Kwa upande wao. Na Mzee Maeng, aliyekuwa na kipaza sauti chake, akatangaza kila asubuhi juma zima: wagombea ni wawili, Maeng Sang-do, na Mama Hadong.

Siku ya kura ilifika. Nyumba zilikuwa arobaini na moja. Kura iliandikwa jina kwa mkono, nasi wapiga kura wa upande huu, mimi mjane nikiwemo, tuliletewa karatasi humu humu jikoni, mikono imelowa. Kisha zikahesabiwa. Maeng Sang-do, kumi na tisa. Pyo Geum-rye, kumi na nne. Halafu karani akaanza kusoma zilizobaki. "Mama Hadong." Akainua macho. "Mama Hadong. Mama Hadong tena. Jamani, huyu ni nani? Kwenye orodha hayupo." Kura nane. Zote zikatupwa kuwa zimeharibika.

Hesabu mnaijua wenyewe. Hakuna mtu aliyetudhulumu. Karani alifuata kanuni. Sisi wenyewe, tuliomtaka, ndio tuliomwangusha, kwa sababu mtu tuliyekula naye miaka thelathini na minane hatukumjua jina.

Ningetaka niwaambie kwamba alilia au alitukana. La! Alirudi jikoni, akapandisha mikono ya sweta, akaanza kuosha mabakuli ya waliomshinda. Alipofika bakuli la tatu au la nne akauliza, bila kugeuka, "Naitwa nani?" Maji yanatiririka. Akageuka, akaniangalia mimi niliyekuwa nimeshika kitambaa cha kufutia. "Na wewe, Mama Namhae. Unaitwa nani?"

Nikamwambia, "Naitwa Mama Namhae. Osha bakuli."

Ndugu wageni waalikwa, hilo ndilo jibu nililompa. Na hakuniuliza tena.

Kilichofuata ndicho kilichotuleta hapa leo. Geum-rye alipanda basi pale darajani mpaka maktaba ya wilaya, na Jumanne iliyofuata akarudi na binti wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, amebeba mkoba mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa ni Mwalimu Ju-ran. Tulipomwona na mkoba ule nilimwambia, "Mwanangu, kama umekuja kutuuzia sufuria, tulishauziwa mwaka jana, na zote zimetoboka." Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Bibi, sijaleta kitu. Nimekuja kuchukua." Tukashika mapochi yetu. Kumbe alikuwa anataka hadithi.

Nawezaje kuwaelezea zile Jumanne? Ni Desemba, baada ya chakula cha mchana. Persimoni zimemenywa na kutundikwa barazani kwa nyuzi, zinakauka taratibu na kutoa unga wao mweupe. Ukungu wa mto umepanda mpaka dirishani, nje hakuna mlima, hakuna barabara, hakuna kijiji. Tumeketi kwenye sakafu ya joto, miguu yetu yote chini ya blanketi moja, hujui mguu wako ni upi. Na katika ukungu ule sauti moja inaanza, polepole, inatafuta njia. Wakati mwingine hata leo nikisinzia mchana huwa nazisikia sauti zile kabla sijalala vizuri.

Mwalimu alikuwa na sharti moja tu. Msimulizi aanze kwa kusema, "Mimi naitwa fulani," kisha asimulie. Na hadithi ya kwanza aliyotuomba ilikuwa ndoto ya mimba. Hapa hakuna mama asiyekuwa nayo. Umebeba mtoto, unaota tausi, unaota pete, unaota pichi kubwa inaanguka mapajani, na ndoto hiyo unamtunzia mtoto maisha yake yote. Tulikuwa tumeziota sisi, lakini zilisimuliwa na waume zetu, tena mbele ya wageni, kwa kukosea.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Jinju, mke wa Mzee Maeng. Wanaomkumbuka wanajua kwamba yule mama aliongea akielekezea mdomo kwapani. Ukitaka kumsikia ilibidi umkumbatie. Siku ile akasema, "Mimi naitwa... jamani naona haya... naitwa Yang Wol-seon." Na sote tukamtazama kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Akaendelea: "Niliota nimekwenda kuchota mchuzi wa soya. Nyoka wa dhahabu amejizungusha kwenye mtungi, mnene kama paja langu. Sikuogopa. Nikamuuliza, 'Umeshakula?'"

Tulicheka! Hiyo kwetu ni salamu, na nani humsalimu nyoka? Lakini Wol-seon hakurudi kwapani. Alinyanyua kichwa akangoja tumalize kucheka, kisha akaendelea, na alipomaliza, ukungu ulikuwa umetoka dirishani bila mtu kuona.

Mwaka uliofuata, maofisa wa mabasi walikuja kutuambia kwa nini basi haliwezi kupanda. Walikuwa na karatasi, na namba, na ramani. Mzee Maeng alizijibu namba zao kwa namba zake, wakamshinda. Ndipo sauti ikatoka huku jikoni: "Mimi naitwa Yang Wol-seon, nitawasimulia safari moja kutoka darajani." Akawasimulia. Hakulalamika hata neno moja. Alisimulia tu, hatua kwa hatua, namna kamba ya mzigo inavyokata viganja, namna mama mwenye miaka themanini anavyoteremka kinyumenyume kwenye barafu. Yule ofisa kijana akaweka kalamu chini. Basi lilianza kupanda kabla ya mwezi wa tatu, na linapanda mpaka leo. Mzee Maeng, ulituambia jioni ile, "Nimeishi na mwanamke huyu miaka hamsini, leo ndiyo nimemsikia." Ulisema au hukusema? Alisema.

Wol-seon alituacha kipupwe cha mwaka juzi. Siku ya arobaini na tisa, ambayo kwetu ndiyo ya kumuaga marehemu, Mzee Maeng alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, yeye aliyekuwa hajawahi kukanyaga upande huu isipokuwa kuuliza chakula kimefika wapi. Akasema, "Kina mama, mwanangu amenipigia simu anauliza ndoto ya mama yake. Mimi naijua nusu. Niliambiwa kuna nyoka." Tukamketisha chini, tukamfunika miguu kwa blanketi, tukamsimulia yote, na pale pa "umeshakula" akacheka na machozi yakamtoka. Majuma mawili baadaye ndiye aliyesimama mkutanoni akatoa hoja ukuta huu ubomolewe. Hoja ya Mwenyekiti ya kwamba kila mtu mzima awe na kura yake, si kila nyumba, ilikuwa imekwama mwaka mzima. Siku hiyo ilipita pamoja na ukuta.

Wakati huo Geum-rye alikuwa ameshakuwa Mwenyekiti. Aligombea tena miaka mitatu baada ya zile kura nane, na kura yangu niliiandika Pyo Geum-rye kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Alishinda bila ubishi. Amemaliza vipindi viwili, na kanuni ya vipindi viwili aliileta yeye mwenyewe, akaitetea yeye mwenyewe, na sasa imemfukuza yeye mwenyewe. Ametufanyia mengi na karani ameyaandika kwenye taarifa mtakayopewa pamoja na keki za mchele. Mimi nitataja moja tu. Kila asubuhi kipaza sauti kinapolia, husikii tena mama wa wapi na mke wa nani. Unasikia, "Leo Mun Chun-ja ametimiza miaka themanini na mmoja, amekaribisha chai." Majina yetu yanapita juu ya mashamba, yanagonga mlima, yanarudi. Wengine walisikia majina yao nje ya nyumba kwa mara ya kwanza namna hiyo, wakiwa wameinama wanang'oa vitunguu, wakasimama wima.

Mimi sikusikia langu. Hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu nianze, na sasa njia imekwisha.

Zile Jumanne zote nilihudhuria. Kwa miaka tisa sijakosa hata tano. Lakini nilihudhuria kama mpishi. Mwalimu akisema, "Zamu yako, Bibi," mimi nasema, "Viazi vinaungua." Mwalimu Ju-ran, mwanangu, vile viazi havijawahi kuungua hata siku moja. Nilikuwa naona haya. Jina langu nililificha hata kwa wakwe. Tena nilikuwa sina ndoto. Niliwahi kumuuliza mama yangu nikiwa msichana, "Mama, mimi uliniotea nini?" Alikuwa anasuka wavu, hakuinua macho. Akasema, "Nililala tu."

Sasa mtu asiye na ndoto aanze hadithi na nini?

Asubuhi moja ya Jumanne, majira ya baridi ya kwanza, baada ya lile la mabakuli, Geum-rye alikuja akaegemea ukuta wa ua wangu. "Mama Namhae. Nimeota ndoto, naiuza."

Nikamwambia, "Ndoto gani?"

"Wewe mgeni wa biashara hii? Ndoto ikisimuliwa kabla haijanunuliwa inachacha. Lete bei."

Kwenye kamba nilikuwa nimeanika suruali yangu ya shamba, ile ya maua mekundu, imeganda kwa baridi mpaka inasimama yenyewe. Nikaichomoa nikampa. Akaibeba kwapani kama ubao. Kisha akaniambia, "Haya, ni yako. Tena ilikuwa yako tangu mwanzo. Ilipotea njia, ikaja kwangu kwa sababu mimi nina usingizi mzito."

Tangu siku ile sijaisimulia. Nisikilizeni.

Bahari ya Namhae imekupwa. Maji yamekwenda mbali, mbali, mpaka visiwa vimebaki vilima, na matope yanang'aa kote. Mwanamke mwenye mimba anatembea peke yake na kapu. Ana njaa, anavyotembea tu unajua kwamba ana njaa tangu zamani. Anatembea mpaka mahali ambapo hajawahi mtu kufika, na pale, katikati ya matope, anakuta chungu cha chuma cha wali, kile kikubwa cha nyumba yenye harusi, kina mfuniko, na mvuke unatoka. Hakuna moto. Anafunua. Wali mweupe, umejaa. Anageuka huku na huku atafute wa kumpakulia kwanza: mume, mkwe, watoto. Hakuna mtu. Basi anakaa chini, anakula mwenyewe. Anakula mpaka anashiba. Na Geum-rye anasema mwanamke yule alicheka, mdomo umejaa wali, cheko la mtu ambaye hajawahi kushiba. Akamsogelea akamuuliza, "Mama, umebeba nani?"

Akamjibu, "Muulize mwenyewe akifika, atakuambia."

Nilipoisikia nilishika ukuta wa ua kwa mikono miwili. Nikangoja aniulize. Hakuuliza. Alisema, "Suruali yako nzuri," akaondoka zake.

Geum-rye, umekuwa na daftari la wakazi miaka sita. Jina langu unalo, limeandikwa, una haki ya kulisoma. Kila asubuhi ulitangaza watu kwa majina yao, na ukifika kwangu unasema, "Mama Namhae ametimiza miaka sabini na mmoja," "Mama Namhae ametimiza miaka sabini na miwili," na watu wakadhani umesahau kanuni yako mwenyewe. Hukusahau. Ulikuwa unaningoja, nami nilikuwa najua kwamba unaningoja, nikakuacha ungoje. Nisamehe, rafiki yangu. Uliniuliza swali mbele ya beseni la mabakuli nikakujibu vibaya. Leo ni siku yako ya mwisho kwenye kiti hicho, na sina zawadi nyingine niliyokuletea.

Mimi naitwa Seol Geuman.

Mnaojua, mmeshajua. Wageni, ni neno la mtu anayesema, "Basi, yatosha, tusiletewe tena." Nilikuwa binti wa sita. Baba alitoka nje akampa karani wa kijiji jina hilo kabla hata sijanyonya. Msinihurumie, na tafadhali msijaribu kulirembesha, nimeshajaribu mwenyewe miaka mingi, halirembeki. Ni hilo hilo. Lakini ni langu, limekula nami wali wote niliokula, na leo limefika mlangoni. Limefika? Ninyi mliokaa nyuma kule, mmelisikia?

Karani, liandike kwenye orodha. Seol Geuman, nagombea.

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, nakushukuru kwa kuja kwetu. Mwalimu Ju-ran, nakushukuru kwa kila kiazi ulichokula ukijua kwamba nakudanganya. Pyo Geum-rye, kwako sina neno, suruali ile baki nayo. Nanyi wanakijiji, juma lijalo mtaletewa karatasi za kura. Nawaomba sana mniandike kwa jina langu. Zile kura nane za Mama Hadong, moja yao ilikuwa mwandiko wangu.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Kina mama, ketini hapo hapo. Leo supu inapakuliwa na Mzee Maeng.